Somo: Kuchagua mpako wa sakafu ya ndani kwa gari la matope na mawe

Wanachama wapendwa, tangu mvua ianze nimeulizwa mara nyingi hapa Nakuru ni mpako upi unaofaa kupakwa kwenye sakafu ya gari linalopanda Molo na Mau Narok na kurudi limejaa tope. Nitaeleza ninavyofanya, lakini kwanza niseme kilichonifunza.

Mwaka wa kwanza nikiwa na Land Cruiser yangu, niliinua zulia upande wa dereva kwa sababu ya harufu ya uvundo. Chini yake palikuwa na rangi nyeusi, nene na inayong'aa, iliyopakwa kabla sijainunua. Nilipobonyeza kwa bisibisi mahali palipovimba kidogo, bisibisi ilizama hadi kwenye mpini, na nilipoichomoa nikaziona kokoto za uani kupitia tundu lile. Rangi haikuwa imeizuia kutu. Ilikuwa imeyafungia maji pamoja nayo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya mkebe wowote, jiulize maji yanaingilia wapi na yatatokea wapi.

Hatua ya kwanza: ondoa viti, zulia na sponji yake, kisha mwaga maji kwenye kioo cha mbele na milangoni huku mwenzako akichungulia ndani. Mpira wa mlango uliochoka au mshono uliofunguka urekebishwe sasa. Tafuta pia vizibo vya mpira vilivyo sakafuni. Vitoe, usafishe matundu yake, na usikubali yazibwe kwa mpako.

Hatua ya pili: tambua bati lako. Sakafu ya magari mengi ni ya chuma. Land Rover Defender ya zamani, hata hivyo, ina sehemu za miguu za chuma huku sakafu ya nyuma ikiwa ya alumini, na mahali metali hizo mbili zinapogusana penye unyevu, alumini huliwa upesi. Alumini huhitaji praima (rangi ya msingi inayotangulia mpako) inayoishika, la sivyo mpako utabanduka kama ganda.

Hatua ya tatu ni uchaguzi wenyewe. Rangi ya lami, ile inayopakwa chini ya gari, ni ya bei nafuu na kila fundi anaijua, lakini ndani siipendekezi hata kidogo: hulainika kwa joto, hasa juu ya giaboksi, huyeyuka dizeli inapomwagika, na harufu yake hukaa kwenye nguo za abiria. Rangi ya mafuta ya kawaida hukwaruzwa upesi na mchanga wa viatu. Epoksi hushika chuma vizuri sana na kuzuia unyevu, ila ni ngumu na huweza kupasuka bati linapopinda; mimi huitumia kama praima. Juu yake hupaka poliurethani ya sehemu mbili, ile inayopakwa ndani ya karoseri za pikapu, kwa kuwa hunyumbuka pamoja na bodi, hustahimili mikwaruzo na haiharibiwi kirahisi na mafuta. Gharama yake ni kubwa zaidi, na naamini inastahili.

Hatua ya nne huamua kila kitu. Kwangua kutu kwa brashi ya waya hadi bati ling'ae, chomelea viraka vya bati palipotoboka, kisha piga msasa namba 80 hadi 120 sakafu nzima, kwa sababu mpako haushiki juu ya rangi inayoteleza. Futa grisi kwa kitambaa safi, ukibadilisha kitambaa mara kwa mara. Ziba mishono kwa silanti (gundi laini ya kuzuia maji), funika matundu ya bolti za mikanda ya usalama na sehemu ambako nyaya za ethi (zinazounganisha umeme na bodi) hufungwa, ndipo upake praima.

Hatua ya tano: paka tabaka mbili nyembamba kwa rola. Poliurethani hii ina isosianeti, kemikali ambayo huweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haisaidii chochote. Vaa glavu na kinga ya macho, fungua milango yote, na kazi ya kupuliza kwa kompresa mwachie fundi mwenye barakoa inayoletewa hewa safi kutoka nje.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kisumu: Mwalimu, nilishapaka lami. Je, naweza kupaka poliurethani juu yake?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, haitashika. Ikwangue kwa kibanzi cha plastiki, umalizie kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mbali na moto wowote, kisha ufute grisi yote kabla ya msasa.

Mwanachama wa Kakamega: Huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri. Nipake lini?

Jibu: Subiri umande wa asubuhi ukauke kabisa na bati lipate joto, kisha umalize mapema na gari likae chini ya paa. Isosianeti hukutana na maji ikatoa gesi ya kabonidayoksaidi, na hiyo ndiyo huacha vipovu na matundu madogo. Bati liwe na joto linalozidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kuwa matone, kwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi.

Mwanachama wa Njoro: Mimi hubeba mbuzi na magunia ya mbolea. Je, nirudishe zulia?

Jibu: Usilirudishe, mzee wangu. Mbolea nyingi ni chumvi, nazo zikilowa hula chuma. Zulia litazishikilia hapo kwa miezi. Weka mikeka ya mpira inayotolewa, na umwambie fundi asifanye mpako uwe na chembe kali, kwani samadi hunasa humo na brashi haiifikii. Ukishashusha mzigo, toa vizibo, mwaga maji safi, na uache milango wazi hadi sakafu ikauke.