Dau senti 99, kutuma dola 38: piga hesabu kabla ya kuingia mnadani

Nanunua lenzi kuukuu za kamera kwenye minada ya mtandaoni, nazisafisha, kisha nauza. Kazi hii imenizoesha kuangalia gharama ya kutuma kabla sijaangalia dau. Lenzi iliyotangazwa kuanzia senti 99, huku kutuma ni dola 38, imeanzia dola 38.99, na muuzaji analijua hilo vizuri.

Mchezo huu ulistawi kwa sababu ya kamisheni. Kwa miaka mingi eBay, soko la minada ya mtandaoni lililoanzishwa 1995, ilikata kamisheni yake kwenye bei ya bidhaa tu, kwa hiyo aliyehamishia bei kwenye usafirishaji aliikwepa. Mwaka 2011, huko Marekani, wakaanza kukata kwenye jumla yote. Ujanja haukufa, maana dau dogo bado linavuta watu. Watafiti Tanjim Hossain na John Morgan walilipima jambo hili wakiuza CD za muziki na michezo ya Xbox kwenye eBay, na matokeo yao yakachapishwa 2006. Pale jumla ya chini kabisa ilipokuwa dola 4, bidhaa iliyoanzia senti moja na kutumwa kwa dola 3.99 iliingiza pesa nyingi kuliko ile iliyoanzia dola 4 na kutumwa bure.

Hatua ya 1: Jua gharama halisi. Muulize muuzaji uzito na vipimo vya kifurushi, kisha viingize kwenye kikokotoo cha posta au cha kampuni ya vifurushi anayoitumia. Hapa usikimbilie kumwita mtu mwizi. Kampuni nyingi hutoza kwa ujazo pale unapozidi uzito wa mizani: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 20 linahesabiwa kilo 4.8, hata kama ndani mna kivuli cha taa chenye kilo moja. Vitu vikubwa vyepesi ni ghali kutuma, basi. Lakini lenzi inayoenea kiganjani haina utetezi huo.

Hatua ya 2: Ongeza haki ya muuzaji. Boksi, utepe, karatasi ya mapovu na muda wake vina thamani. Mimi huvumilia hadi robo juu ya gharama halisi. Ikizidi hapo, naihesabu kuwa bei ya bidhaa iliyovaa kanzu.

Hatua ya 3: Hesabu dau kwa kurudi nyuma. Hii ndiyo hatua inayookoa pesa. Amua kwanza jumla ambayo uko tayari itoke mfukoni, toa gharama ya kutuma, na kinachobaki ndicho dau lako la mwisho. Ukitaka kutumia 70 na kutuma ni 22, dau ni 48. Liandike kwenye karatasi kabla mnada haujapamba moto. Mfumo unaokupandishia dau wenyewe unajua kikomo ulichoupa, basi. Haukutolei gharama ya kutuma. Unapotafuta bidhaa, panga matokeo kwa bei pamoja na usafirishaji, na nusu ya mitego itashuka chini yenyewe.

Hatua ya 4: Uliza kabla ya kuweka dau. Andika ndani ya mfumo wa mnada, ili ushahidi ubaki:

«Habari. Naomba uzito wa kifurushi na njia utakayotumia kutuma. Nikishinda na ile nyingine, utazituma pamoja kwa kiasi gani?»

Ukishinda viwili, usilipe mpaka upate ankara moja iliyopunguzwa.

Hatua ya 5: Soma masharti ya kurudisha. Wauzaji wengi hurudisha bei ya bidhaa peke yake mnunuzi akibadili nia. Ukilipa dola 1 kwa lenzi na 38 kwa kutuma, utarudishiwa dola 1. Mzigo ukivuka mpaka kuna kisa kingine: forodha za nchi nyingi hukokotoa kodi kwenye bei pamoja na usafirishaji, hivyo kuhamisha bei hakukupunguzii kitu.

Hatua ya 6: Kifurushi kikifika, piga picha lebo yake. Mara nyingi uzito huandikwa pale, na pengine gharama iliyolipwa. Malalamiko baada ya kushinda ni dhaifu, kwa kuwa kiasi ulikiona na ukakubali. Tangazo lenye gharama ya kupita kiasi liripoti lingali hewani. Hata hivyo kuuliza kwa adabu hakugharimu. Muuzaji mmoja alinitoza 25, lebo ikasema 9. Nilimtumia picha ile bila tusi, akarudisha 12 siku hiyohiyo. Lenzi yenyewe ilikuwa imeota ukungu ndani.