Mwenye kisukari aandae nini kabla ya kupima usugu wa insulini na moyo

Mwenye kisukari cha aina ya pili asisubiri miguu ivimbe ndipo aulizie moyo wake. Utafiti wa Framingham, Marekani, ulionyesha tangu 1974 kwamba kisukari huzidisha hatari ya moyo kushindwa kufanya kazi zaidi ya mara 2 kwa wanaume na karibu mara 5 kwa wanawake. Mwili ukiwa sugu kwa insulini, yaani homoni hiyo ya kushusha sukari isipoufanyia kazi vizuri, kongosho huimwaga kwa wingi, figo zikazuia chumvi na maji, na msuli wa moyo ukajaa mafuta na kukakamaa taratibu. Yote hayo huendelea huku mtu anauza nguo zake soko la Owino, Kampala, kama kawaida.

Jambo la kwanza ni kufunga kula. Ukila saa mbili usiku, damu itolewe saa mbili asubuhi. Maji matupu ruksa. Chai, hata isiyo na sukari, iache. Lakini anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, amuulize mhudumu mapema kuhusu dozi ya asubuhi, kwa maana sukari inaweza kushuka vibaya akiwa bado ndani ya takisi. Abebe glukosi au soda ya sukari mfukoni, na chakula cha kula mara tu damu ikishatolewa.

Omba sukari ya kufunga na traigliseridi (mafuta ya kwenye damu) zipimwe kwenye damu ya asubuhi hiyohiyo. Namba hizo mbili zinatosha kukupa kielelezo cha TyG, ambacho hukadiria usugu wa insulini: zidisha moja kwa nyingine, gawanya kwa 2, kisha bonyeza ln (logi asilia) kwenye kikokotoo cha simu. Traigliseridi 200 na sukari 140, zote kwa mg/dL, hutoa karibu 9.55. Majibu yakiwa kwa mmol/L, kwanza zidisha sukari kwa 18 na traigliseridi kwa 88.5, usipofanya hivyo utapata kama 2.2 na kudhani uko salama. Hakuna mpaka mmoja unaokubalika kwa watu wote, kwa hiyo hifadhi namba yako uilinganishe na ya mwakani. HOMA-IR, kipimo kingine cha usugu huo, huhitaji kupima insulini yenyewe, na kwa anayejichoma insulini majibu yake hupotosha. Sioni sababu ya kuuza mbuzi kwa ajili ya kipimo hicho.

Kiuno, kiashiria kingine cha usugu wa insulini, kipime nyumbani. Futi ya fundi cherehani inafaa: ipitishe juu ya ngozi, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, usome baada ya kutoa pumzi bila kujibana.

HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, nayo ina mtego wake kwetu. Uganda, takriban watu 13 kati ya 100 wamebeba chembe ya selimundu, na baadhi ya mashine husoma vibaya damu yao. Upungufu wa damu, malaria ya karibuni au kuongezewa damu pia huvuruga namba. Mwambie daktari kabla hajaongeza dawa.

Dawa zote ziweke kwenye mfuko mmoja uende nazo, hata za miti shamba. Hapa nasisitiza: diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua duka la dawa kwa ajili ya mgongo, huzuia maji mwilini, na dawa ya kisukari pioglitazoni vilevile. Moyo uliochoka hauzivumilii.

Kuhusu moyo wenyewe, uliza kama NT-proBNP, kipimo cha damu kinachoonyesha moyo ulioelemewa, inapatikana. Tangu 2022 wataalamu wa kisukari wa Marekani wanapendekeza ipimwe kila mwaka, au kipimo ndugu cha BNP badala yake, hata kwa asiye na dalili. NT-proBNP ikifika 125 pg/mL, omba rufaa ya eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Taasisi ya Moyo ya Uganda iko palepale Mulago. Unene huishusha namba hiyo, ugonjwa wa figo huipandisha, kwa hiyo isisomwe peke yake. Uliza pia kama dawa ya kisukari dapagliflozini au empagliflozini inakufaa, maana hupunguza sukari na pia hatari ya kulazwa kwa ajili ya moyo.

Andika unalalia mito mingapi, na kama unaamka usiku ukitafuta pumzi. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku chache, miguu ikavimba na pumzi ikakata hata ukiwa umekaa, usingoje tarehe ya kliniki wala usifunge kula: nenda hospitali siku hiyohiyo.