Kerneli ya Linux Ikigoma Kujengeka: Anza na Kosa la Kwanza

Unapojenga kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, kutoka kwenye msimbo wake kwa amri ya `make -j8`, kompyuta hufanya kazi nane kwa mpigo, na kwa hiyo kosa linapotokea, ule mstari wenye maana hufunikwa na mistari ya kazi nyingine ambazo zilikuwa bado hazijasimama. Mstari wa mwisho, ambao huishia na `Error 2`, haukuambii lolote zaidi ya kwamba ujenzi umekwama, usiuhangaikie. Endesha tena `make` bila `-j`, nayo itaendelea pale ilipoishia na kusimama penye kosa lenyewe.

Walionakili faili la mipangilio ya ujenzi (`.config`) kutoka `/boot` ya Ubuntu hukutana mara nyingi na hili:

`No rule to make target 'debian/canonical-certs.pem', needed by 'certs/x509_certificate_list'`

Ujumbe huu unapotosha, maana anayeusoma hudhani kwamba msimbo aliopakua una upungufu, akaupakua upya bila faida. Msimbo ni mzima. Mipangilio ile iliandaliwa na wajenzi wa Ubuntu, ambao wana vyeti vyao wenyewe vya kuthibitisha moduli (vipande vya kerneli vinavyopakiwa inapohitajika), na vyeti hivyo havimo katika msimbo unaotolewa na kernel.org, tovuti rasmi ya kerneli. Futa njia zinazoelekeza huko:

`scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""`
`scripts/config --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""`
`make olddefconfig`

Makosa ya vifurushi vilivyokosekana ni mepesi zaidi. Ukiambiwa `openssl/opensslv.h` haipo, sakinisha `libssl-dev`. Ikiwa ni `gelf.h`, sakinisha `libelf-dev`. `Flex` na `bison` hutajwa kwa majina yao. Neno `Killed` nalo si kosa la msimbo hata kidogo: aghalabu RAM imejaa na mfumo umeiua kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), kwa hiyo punguza kazi hadi `-j2`.

Panapohitaji uangalifu ni pale kompaila ilipo mpya kuliko kerneli. Kompaila ya GCC 15, iliyotoka mwaka 2025, hufuata kiwango cha C23 cha lugha ya C isipoelekezwa vingine, na katika kiwango hicho `bool`, `true` na `false` ni maneno ya lugha yenyewe. Kerneli za zamani zinazoyafafanua upya hukataliwa hapo hapo. Usianze kuhariri msimbo. Sakinisha GCC 14, safisha kwa `make clean`, kisha jenga kwa `make CC=gcc-14`, ukiitaja kompaila hiyo hiyo kila unapoita `make`. Nasema `make clean` kwa makusudi, kwa kuwa `make mrproper` hufuta pia faili la `.config`, pamoja na marekebisho yote uliyoyafanya hapo juu.

Tangu toleo la 5.15, chaguo la `WERROR` linaweza kuligeuza onyo dogo la kompaila kuwa kosa linalosimamisha ujenzi. Huzimwa kwa `scripts/config --disable WERROR`, lakini mimi huzima baada tu ya kulisoma onyo lenyewe na kujua linahusu faili gani.