Bili ya zamani ya hospitali Kenya: jinsi ya kujua kama muda wa kukushtaki umeisha

Barua ya mawakili ikifika kuhusu bili ya zamani, wengi hukimbilia kutuma kitu kidogo kwa M-Pesa ili waachwe wapumue. Ngoja kwanza. Hizo pesa kidogo huenda ndizo zitakazoipa hospitali miaka mingine sita.

Anza na karatasi. Tafuta bili ya mwisho, fomu uliyotia sahihi siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na mkataba wowote wa kulipa kwa awamu. Unasaka tarehe ambayo pesa zilipaswa kulipwa na hazikulipwa. Matibabu ya kulipia ni mkataba, na Sura ya 22 ya sheria za Kenya, inayoweka muda wa kufungua kesi, inataka kesi ya mkataba ifunguliwe ndani ya miaka 6 tangu mkataba uvunjwe. Ile miaka 3 ambayo huenda umeisikia ni ya madai kama ya ajali au uzembe wa daktari. Usiichanganye na deni. Muda ukipita, deni halifutiki, na hospitali bado inaweza kukuomba ulipe. Kilichokwisha ni nafasi ya kukudai kortini.

Kisha pitia taarifa zako za M-Pesa na benki. Kulipa sehemu ya deni, au kuandika na kutia sahihi kwamba unadaiwa, huanzisha hesabu upya. Tuseme bili ilipaswa kulipwa tarehe 14 Machi 2018. Kama hukulipa chochote wala kuandika lolote, muda uliisha Machi 2024. Lakini kama ulituma Sh2,000 tarehe 3 Novemba 2020, hospitali ina hadi Novemba 2026. Kwa hiyo wanaokusanya madeni wakikubembeleza utume "hata mia tano", piga hesabu kwanza. Ndugu aliyetia sahihi ya udhamini naye aangalie karatasi yake mwenyewe.

Jibu barua ya mawakili kwa maandishi, kwa ufupi: "Naomba bili yenye mchanganuo, tarehe za huduma na rekodi ya malipo yote. Barua hii si kukubali deni." Usiongeze "nitajitahidi mwisho wa mwezi".

Ukipokea wito wa korti, usiufungie kabatini. Madai yasiyozidi Sh1,000,000 yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaruhusiwa kujitetea bila wakili. Angalia tarehe kesi ilipofunguliwa, kwa sababu hiyo ndiyo inayohesabiwa, si siku uliyoletewa karatasi. Wasilisha majibu kabla ya siku uliyopewa, useme waziwazi kwamba kesi imeletwa nje ya muda, na uambatishe ile bili yenye tarehe. Hoja hii ni yako kuitoa. Usitegemee korti ikutafutie utetezi. Ukinyamaza, hukumu inaweza kutolewa bila wewe hata kwa deni la kale, na hukumu ina muda wake wa kutekelezwa: miaka 12.