Bustani ya Kivulini Katika Ua wa Dar es Salaam

Nyumba nyingi za Dar es Salaam, iwe Sinza, Tabata, Mbezi au Kigamboni, zina sehemu ya ua isiyoota kitu: chini ya mwembe ambako umebaki mchanga unaofagiwa kila asubuhi, au kwenye ujia mwembamba kati ya nyumba na ukuta wa uzio. Mwenye nyumba hununua ukoka, huumwagilia kwa bidii, nao hufifia na kufa kwa sababu ukoka ni nyasi ya juani. Baada ya hapo huamua kumwaga zege. Uamuzi huo ni wa haraka mno. Kivuli katika jiji lenye joto kama hili ni mali, na ipo mimea mingi inayokipenda, ila ni lazima kwanza kujua kivuli hicho kinatoka wapi. Chini ya mti, mmea mdogo hufa kwa kiu kabla haujafa kwa kukosa mwanga, kwa kuwa mizizi ya mti hunyonya maji ya tabaka la juu na majani yake huzuia mvua za rasharasha zisifike chini. Kando ya ukuta mambo hugeuka: unyevu hukaa muda mrefu zaidi, lakini mwanga ni haba na ardhi yenyewe mara nyingi imejaa kifusi cha ujenzi.

Anza kwa kupima jua. Chagua siku isiyo na mawingu, chomeka vijiti kwenye mpaka wa kivuli saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri, kisha uhesabu kila sehemu inapata jua kwa saa ngapi. Sehemu inayopata jua kwa jumla ya saa tatu hadi tano kwa siku, au mwanga wa madoadoa unaopenya kati ya majani siku nzima, ina kivuli chepesi. Inayopata jua kwa muda usiofika saa mbili ina kivuli kizito. Jua la asubuhi ni jepesi kwa mimea ya kivulini, ilhali la alasiri huunguza majani yake hata likiwa la saa moja tu. Kipimo hiki kirudiwe msimu mwingine, maana Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana hupita upande wa kusini, na miezi iliyobaki hupita kaskazini. Mwezi Juni ukuta wa mita 2.5 hutupa kivuli cha karibu mita moja na nusu upande wake wa kusini wakati wa adhuhuri. Mwezi Desemba upande huohuo huwa juani. Watu wengi hupanda Julai na kushangaa mimea inapoungua wakati wa Krismasi.

Chini ya mwembe, shughuli huanzia juu. Baada ya embe kuisha na kabla ya masika ya Machi, kata matawi ya chini hadi urefu wa mita 2.5 au 3, kisha punguza matawi ya ndani yanayosuguana, bila kuondoa zaidi ya robo ya majani yote kwa mwaka. Vaa glavu na nguo za mikono mirefu, kwani utomvu wa mwembe huwasha ngozi. Ukishapata mwanga wa madoadoa, usilime kuzunguka shina lote kwa jembe wala usirundike udongo juu ya mizizi: mizizi inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi na inahitaji hewa, na gome lililofukiwa huoza. Tafuta nafasi kati ya mizizi mikubwa, angalau mita moja kutoka kwenye shina, uchimbe vishimo vya sentimita 25 kwa sepeto dogo la mkono. Mchanga wa pwani haushiki maji, hivyo changanya debe moja la samadi iliyooza vizuri kwa kila madebe mawili ya udongo uliotoka. Majani makavu ya mwembe, yanayochomwa kila jioni katika mitaa yetu na kutujazia moshi, yarudishwe juu ya udongo kwa unene wa sentimita tano, yasiguse mashina. Huchelewa kuoza, na hiyo ndiyo faida yake, kwa sababu hufunika ardhi msimu mzima.

Kwa ukame huo wa chini ya mti, ninachokipendekeza kwanza ni masale. Wachagga huyaheshimu kama mmea wa kuombea msamaha na kuwekea mipaka, na kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya Kilimanjaro hustawi chini ya miti mirefu na migomba. Hapa pwani pia huota kwa urahisi kutokana na kipande cha shina cha sentimita 20, mradi yasipigwe na jua la alasiri. Mwingine ni zamiokulkasi, mmea wa majani mazito yanayong'aa ambao asili yake ni ukanda huu wetu wa Afrika Mashariki; viazi vyake vya chini huhifadhi maji, na kuumwagilia kupita kiasi ndiko kunakouua. Sansevieria, mmea wa majani magumu yaliyosimama kama panga, nayo huvumilia karibu kila kitu. Anayetaka zulia la kijani atafute nyasi za pemba zenye majani mapana, ambazo hustahimili kivuli chepesi kuliko ukoka; kwenye kivuli kizito hakuna nyasi itakayodumu, na hapo ni bora kutandaza kokoto bila zege chini yake ili maji na hewa viendelee kuifikia mizizi, halafu kuweka benchi. Sehemu ya kukaa chini ya mti ni matumizi mazuri ya ardhi kuliko nyasi zinazougua.

Ujia wa kando ya ukuta unadai kazi nyingine. Chimba sentimita 40 na utoe kifusi chote, kwa sababu chokaa iliyomo kwenye saruji huifanya mimea ishindwe kufyonza madini ya chuma, na dalili yake ni majani machanga kuwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Jaza udongo mwekundu uliochanganywa na mboji. Ukuta upakwe rangi nyeupe; mwanga unaorudi kutoka humo huonekana wazi kwenye ukuaji wa mimea. Mimea ya mapambo kama mangaga, monstera, kaladiamu na begonia hufaa hapo, na pothosi, mmea wa kutambaa, hupanda ukutani ukipewa waya. Wenye watoto wadogo wakumbuke kwamba utomvu wa kaladiamu, pothosi, monstera na hasa difenbakia huunguza mdomo na koo, basi mimea hiyo iwekwe wasipoifikia.

Bustani ya kivulini inaweza pia kulisha jiko. Manjano na tangawizi hustawi kwenye kivuli chepesi: mwanzoni mwa masika, zika vipande vyenye chipukizi kwa kina cha sentimita tano, ukiacha sentimita 25 hadi 30 kati yao, mahali maji yasipotuama. Baada ya miezi minane au tisa, majani yakikauka, yako tayari kuvunwa. Magimbi hupenda pale maji ya bafu la nje au ya bomba yanapopita, lakini majani na viazi vyake vipikwe hadi viive kabisa, la sivyo huwasha koo. Mnanaa huridhika na jua la asubuhi peke yake, na upandwe kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa kwa sababu hutambaa kila mahali. Nyanya, bamia na mchicha visihangaikiwe kivulini. Usipande chochote cha kuliwa karibu na shimo la maji taka.

Kuhusu maji, chimbua kidogo kwa kidole kabla ya kumwagilia: kukiwa na unyevu kwenye kina cha sentimita tano, subiri. Chini ya mti, mwagilia mara chache lakini kwa wingi, kwani maji ya juujuu hunywewa na mwembe. Visima vingi vya maeneo ya pwani vina chumvi, na ncha za majani ya tangawizi na mangaga zikianza kukauka, badilisha maji. Ya mvua yaliyokingwa kwenye paa ndiyo bora.

Kivuli na maji pamoja huita mbu wa dengue, na jiji hili liliugua sana mwaka 2014 na 2019. Mbu huyo huuma mchana, na mayai yake huweza kuwa mbu kamili katika siku saba hadi kumi kwenye maji machache tu. Kwa hiyo visahani vya vyungu vimwagwe na kusuguliwa kila wiki au vijazwe mchanga, na mapipa ya mvua yafunikwe kwa chandarua. Konokono wakubwa, ambao hutoka usiku wakati wa masika na kumaliza kaladiamu kwa siku mbili, waokotwe kwa tochi na mikono iliyovaa glavu, kwani hubeba minyoo inayodhuru binadamu. Vidung'ata vyeupe, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, vinavyojificha chini ya majani vifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, jioni, na majani yasuuzwe asubuhi inayofuata.