Somo: Namna ya kumtambua dandala wa Madagaska wakati wa kusi

Kila mwaka, kuanzia Mei hadi Oktoba, kulastara mmoja mdogo na adimu huvuka bahari kutoka Madagaska na visiwa vya jirani, kama Mayotte na Aldabra, akaja kukaa katika maeneo oevu ya Afrika Mashariki na Kati. Ndiye dandala wa Madagaska, Ardeola idae, na wengi wetu humpita bila kumjua kwa sababu amefanana mno na dandala wa kawaida, Ardeola ralloides, tunayemwona majarubani mwaka mzima. Yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani, kwa hiyo rekodi ya uongo ina madhara yake. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza wa kutazama ndege, nilimwandika mara tatu katika bonde la Ruvu, na picha zilipokaguliwa wote watatu wakaonekana kuwa wa kawaida.

Hatua ya kwanza ni kutazama kalenda kabla ya kushika darubini. Ukimwona dandala mwezi Januari, karibu kila mara ni wa kawaida, kwa kuwa mwenzake wakati huo yuko kwao akilea makinda. Ukimwona Julai, bado hujathibitisha lolote, lakini unayo sababu ya kusimama na kutazama vizuri.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha somo, nayo ni shingo, kifua na mgongo. Msubiri ndege atulie ukingoni mwa mfereji, jua likiwa nyuma yako, kisha utazame rangi iliyopo kati ya michirizi, wala si michirizi peke yake. Kwa dandala wa kawaida, michirizi ni myembamba na imelala juu ya rangi ya samli, na rangi hiyo hupanda hadi mgongoni, ndiyo maana kwa mbali ndege mzima huonekana kama amepakwa vumbi la udongo mkavu. Kwa dandala wa Madagaska, michirizi ni mipana, inakaribia weusi, na kati yake kuna weupe. Mgongo nao ni wa kahawia iliyokolea, isiyo na umanjano wowote, hata unaona wazi mahali mgongo unapoishia na weupe wa bawa lililokunjwa unapoanzia. Ndege wa kawaida aliye mchanga huwa na rangi nzito kidogo, na ndiye aliyenidanganya mimi Ruvu, lakini samli haimtoki shingoni.

Hatua ya tatu ni mdomo. Wa Madagaska ana mdomo mnene zaidi, na umbo lake zima ni kubwa kidogo, ingawa tofauti hiyo ina faida pale tu wanaposimama wawili pamoja. Msitegemee kumtambua akiruka: wote wawili hufunua mbawa nyeupe ghafla, na mtazamaji aliyejawa na hamu huona anachotaka kuona.

Hatua ya mwisho ni kuandika papo hapo, mkiwa bado ukingoni: tarehe, mahali, umbali, mwanga, na rangi mliyoiona kwa maneno yenu wenyewe. Rekodi yenye picha, hata iwe na ukungu, mwaweza kuipeleka kwa wanaotunza Atlasi ya Ndege wa Tanzania.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mwishoni mwa Septemba niliona ndege mweupe mwili mzima, mwenye mdomo wa buluu, kwenye kidimbwi chenye miti. Je, si yangeyange?

Jibu: Marahaba. Hakuna yangeyange wetu mwenye mdomo wa buluu. Yule afuataye ng'ombe ana mdomo wa njano, na yangeyange mdogo ana mdomo mweusi na vidole vya njano. Kama mdomo ulikuwa wa buluu wenye ncha nyeusi, basi huenda ulimwona dandala wa Madagaska aliyekwisha kuvaa manyoya yake ya kuzaliana kabla ya kuondoka. Kidimbwi chenye miti nacho kinaafiki, kwa maana hupenda kivuli kuliko mwenzake. Tafadhali andika maelezo yote leo, kabla kumbukumbu haijafifia.

Swali: Sina kamera. Je, simu inatosha?

Jibu: Inatosha. Egemeza darubini juu ya mti au bega la mwenzako, weka lenzi ya simu kwenye jicho moja la darubini, na upige picha nyingi. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inafaa kwa kazi hii. Yenye kukuza zaidi hutikisika mno mkononi.

Swali: Kwa nini amekuwa adimu hivyo?

Jibu: Huko Madagaska watu huchukua mayai na makinda kwenye miti anamotagia, na madimbwi mengi yamegeuzwa mashamba ya mpunga. Zaidi ya hayo, dandala wa kawaida naye anazaliana huko, tena kwa wingi kuliko yeye, na wawili hao hugombea chakula na mahali pa kutagia.

Swali: Nikiwa na shaka, niandike jina gani?

Jibu: Andika «dandala» tu. Daftari langu la mwaka jana lina kumi na mmoja wa namna hiyo.