Kukagua na Kutengeneza Nondo Zilizoliwa na Chumvi
Nairobi iko mbali na bahari, lakini kloridi, ile sehemu ya chumvi inayokula chuma, huweza kuingia katika zege kupitia maji ya kisima yenye chumvi au kemikali za kuharakisha kuganda zilizo na kalisi kloridi. Zege lisiloharibika huwa na pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya 12.5 hadi 13, na ualkali huo huifunika nondo, yaani chuma kilichomo ndani ya zege, kwa utando mwembamba wa oksidi unaoikinga na kutu. Kloridi huutoboa utando huo mahali padogo padogo, kutu ikachimba vishimo huku uso wa nguzo ya zege ukionekana mzuri.

Anza kwa kuigonga nguzo kwa nyundo ndogo: mlio wa debe tupu huonyesha zege lililobanduka. Vunja kipande, kisha nyunyizia nitrati ya fedha, kemikali ya kupimia kloridi, kwenye uso mpya. Penye kloridi huwa peupe, kwingine hudhurungi. Chimba hadi nyuma ya nondo, kiasi cha milimita 20, usugue chuma mpaka king'ae, hata ndani ya vishimo, kwani ndimo chumvi inamojificha. Kupiga plasta juu ya kutu, kama mafundi wengi wafanyavyo, ni kuificha tu. Nondo iliyokonda iongezewe nyingine kwa ushauri wa mhandisi.